Julia Margaret Cameron (1815–1879): mpiga picha aliyeanza akiwa na miaka 48, na kwa nini ukungu wa picha zake haukuwa uzembe

#1 – Mleta mada

Wanajukwaa, salaam.

Tukizungumzia historia ya upigaji picha, mara nyingi tunaishia kwa wavumbuzi, akina Niépce, Daguerre na Talbot, kana kwamba baada ya kemikali kupatikana hapakuwa na jambo lingine la kuamua. Uzi huu unamhusu mtu ambaye hakuvumbua chochote, alishika kamera akiwa na miaka 48, akafanya kazi hiyo kwa nguvu kwa takriban miaka kumi na miwili tu, akashambuliwa na wapiga picha wenzake, na bado picha zake za nyuso za watu ni miongoni mwa picha bora kabisa zilizotoka katika karne ya 19. Watu wengi wanaomwandika huanza na visa vyake vya ajabu, namna alivyowasumbua wageni na kuwavalisha majirani mashuka. Mimi naona tukianzia huko tutamkosa. Ukungu, nyufa na alama za vidole zinazoonekana kwenye picha zake zinaeleweka pale tu tunapofuata kazi ya mikono yake hatua kwa hatua.

Alizaliwa Calcutta, India, tarehe 11 Juni 1815, akiwa binti wa James Pattle, ofisa wa Kampuni ya Mashariki ya India, na mama mwenye asili ya Ufaransa, Adeline de l'Étang. Sehemu kubwa ya utoto wake aliipitisha Ufaransa kwa bibi yake. Mwaka 1836, akiwa Rasi ya Tumaini Jema kwa ajili ya afya yake, alikutana na watu wawili walioamua mwelekeo wa maisha yake yote. Wa kwanza ni Charles Hay Cameron, mwanasheria aliyemzidi miaka ishirini, aliyekuja kumwoa mwaka 1838. Wa pili ni mwanaastronomia Sir John Herschel, ambaye alikuwa huko akichora ramani ya nyota za anga la kusini. Herschel ndiye aliyegundua kwamba dawa iitwayo "hypo" (thiosulfati ya sodiamu) huyeyusha chumvi za fedha, ugunduzi ambao baadaye uliwezesha picha kudumu bila kuendelea kuungua kwa mwanga, na ndiye aliyemwandikia Julia habari za sanaa hiyo mpya wakati yeye yuko Calcutta. Kwa hiyo alipopata kamera hakuwa mgeni wa jambo lenyewe. Alikuwa amelisikia kwa zaidi ya miaka ishirini kutoka kwa mtu aliyelijua kuliko karibu wote.

Familia ilihamia Uingereza mwaka 1848, na mwaka 1860 ikanunua nyumba mbili zilizopakana katika kijiji cha Freshwater, Kisiwa cha Wight, jirani na mshairi Alfred Tennyson. Waliziunganisha na kuziita Dimbola, kwa jina la shamba lao lililokuwa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Mumewe alikuwa na mashamba ya kahawa huko na mara kwa mara alisafiri kuyatazama, na baadhi ya watoto wao sita walikuwa wamekua. Mwezi Desemba 1863 binti yake na mkwewe walimzawadia kamera ya mbao, wakimwambia kwamba huenda ikampa burudani katika upweke wake wa Freshwater.

Hakuichukua kama burudani hata siku moja. Aligeuza chumba cha makaa kuwa chumba cha giza, na banda la kuku lenye vioo likawa studio yake. Kuku walitolewa nje. Picha yake ya kwanza, ya mkulima mmoja ambaye Cameron alimlipa kwa saa ili akae mbele ya kamera, aliifuta yeye mwenyewe kwa kupitisha mkono juu ya upande wa kioo wenye utando mbichi. Mwishoni mwa Januari 1864 akampiga picha mtoto aitwaye Annie Philpot, na siku hiyohiyo akaichapa, akaikamilisha, akaitia fremu na kumpa baba wa mtoto. Nakala iliyosalia ina maandishi ya mkono wake yanayosema kwamba hayo ni mafanikio yake ya kwanza kabisa. Katika mwaka huohuo alikuwa tayari amejiunga na vyama vya wapiga picha vya London na Scotland, na ameanza kusajili hakimiliki ya picha zake. Hadi mwaka 1875 alisajili picha 508. Mtu anayecheza hafanyi hivyo.

#2 – Mleta mada (mwendelezo)

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo penye utajiri wa mada hii.

Njia aliyotumia ilikuwa ile ya kolodioni mbichi. Unachukua kioo safi, unakimwagia kolodioni, yaani pamba iliyotiwa asidi na kuyeyushwa katika etha na alkoholi, ikiwa imechanganywa na chumvi za iodini, kisha unakigeuzageuza mkononi ili kimiminika kitandae sawasawa hadi pembeni bila kumwagika. Kikishaanza kuganda, unakizamisha katika maji ya nitrati ya fedha, na kuanzia hapo mwanga hautakiwi kabisa. Unakitia ndani ya kishikizo kisichopitisha mwanga, unakimbilia kwenye kamera, unafungua lenzi, unafunga, unarudi chumba cha giza, unasafisha picha kwa dawa ya chuma, unaisuuza, unaondoa fedha iliyobaki, unasuuza tena kwa ndoo nyingi za maji ya kisimani, unakausha, kisha unakipasha kioo moto na kukipaka vanishi. Hatua za mwanzo zote hukamilishwa kabla utando haujakauka, kwa dakika chache tu. Vumbi likitua, hubaki. Kidole kikigusa, alama hubaki. Vanishi au maji yakikosewa, utando hupasuka miezi au miaka baadaye, jambo lililompata Cameron kwa vioo vingi na kumfanya aombe ushauri wa chama cha wapiga picha. Nitrati ya fedha ilimwachia mikono na nguo nyeusi ambazo hazikutakata.

Tukumbuke pia kwamba wakati huo picha haikukuzwa wakati wa kuchapwa. Karatasi yenye ute wa yai na fedha ilibanwa moja kwa moja juu ya kioo na kuanikwa juani, hivyo ukubwa wa picha ulikuwa ukubwa wa kioo. Wapiga picha wa biashara wa miaka ya 1860 walitajirika kwa kadi ndogo za kutoshea kiganjani, zikimwonyesha mteja mwili mzima amesimama kando ya pazia na nguzo ya bandia, kila kifungo cha koti kikionekana. Cameron alianza na kioo cha inchi 11 kwa 9, na mwaka 1866 akaenda kwenye kamera ya inchi 15 kwa 12. Aliisogeza karibu hadi uso ukajaza kioo chote. Alipunguza mwanga wa studio kwa mapazia mpaka ukatoka upande mmoja tu. Wanaopiga picha humu wanaelewa mara moja matokeo yake: lenzi kubwa ikiwa karibu na uso, eneo linaloonekana kwa ukali ni jembamba mno, na mwanga ukiwa hafifu aliyekaa hulazimika kutulia kwa dakika kadhaa. Hakuna binadamu asiyepumua kwa dakika kadhaa. Ule mtikisiko mdogo wa kichwa, nywele na mashavu umo ndani ya picha.

Na fokasi, yaani kurekebisha lenzi hadi picha ionekane kwa ukali, je? Alieleza mwenyewe, katika kumbukumbu alizoziandika mwaka 1874 bila kuzimaliza, kwamba mwanzoni ilikuwa bahati. Alipokuwa akirekebisha lenzi na kufika mahali ambapo jicho lake liliona uzuri, alisimama hapo, badala ya kuendelea kuizungusha hadi kufikia ule ukali ambao wapiga picha wengine wote waliushikilia. Maneno hayo nayaona kuwa ufunguo wa maisha yake ya kazi. Bahati ilimjia mara moja. Kusimama hapo tena na tena kwa miaka kumi na miwili, huku akitukanwa, kulikuwa uamuzi. Tarehe 31 Desemba 1864 alimwandikia Herschel akihoji fokasi ni nini hasa, na ni nani mwenye haki ya kusema fokasi ipi ndiyo halali.

#3 – Mchangiaji

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa uzi mzuri, lakini niruhusu nipingane nawe. Nimeziangalia hizo picha. Nyingine zina michirizi, nyingine zina mashimo meusi, nyingine pembe ya kioo imevunjika. Mtu wa kawaida akileta kazi ya namna hiyo studio atarudishiwa. Je, si kweli kwamba alisifiwa kwa sababu alikuwa tajiri, jirani wa Tennyson, na dada zake walifahamiana na kila mtu mkubwa wa London?

#4 – Mleta mada

Ndugu yangu, hoja yako ni nzito na wakosoaji wa wakati wake waliitoa kwa maneno makali kuliko yako. Mwezi Februari 1865 jarida la Chama cha Wapiga Picha cha London lilikiri kwamba bibi huyu ana ujasiri na ubunifu, lakini likasema ameupata kwa kutupa sifa nyingine zote za upigaji picha.

Kuhusu kufahamiana na wakubwa, sikatai. Dada yake Sara Prinsep alikuwa na nyumba ambayo wachoraji na waandishi walikusanyika, na mchoraji G. F. Watts, aliyeishi kwenye nyumba hiyo, alimtia Cameron moyo na kumkosoa kwa miaka mingi. Bila milango hiyo, asingempata mwandishi Thomas Carlyle wala Herschel akae mbele ya kamera yake. Hata hivyo, ujirani hauelezi kilichomo kwenye picha. Wakubwa hao walipigwa picha na watu wengi, wenye studio nzuri na vioo visivyo na doa, na ni chache kati ya picha hizo ambazo mtu anazisimamia leo. Charles Darwin, ambaye familia yake ilipanga nyumba ya akina Cameron majira ya joto ya mwaka 1868, aliandika kwamba picha aliyopigwa na Cameron aliipenda zaidi ya nyingine yoyote aliyowahi kupigwa. Na wale waliokuwa nje ya mduara wa marafiki zake walimtambua pia: katika maonyesho ya Berlin alipata medali ya shaba mwaka 1865 na ya dhahabu mwaka 1866.

Ukitaka kupima jambo hili mwenyewe, itazame picha ya Herschel ya Aprili 1867. Cameron alibeba kamera na vioo vyake hadi nyumbani kwa mzee huyo, Kent. Herschel alikuwa na miaka 75. Hakuna kiti, hakuna kitabu, hakuna darubini ya kumtambulisha kuwa mwanaastronomia. Kuna kitambaa cheusi, nywele nyeupe zilizosimama, na macho yaliyochoka kwa kuangalia. Mikunjo ya ngozi chini ya macho iko wazi, wakati nywele na mabega yanayeyuka gizani. Aliyefanya hivyo alijua ukali uwe wapi na usiwe wapi. Aliandika kwamba alipokuwa na watu wa namna hiyo mbele ya kamera, roho yake yote ilijitahidi kutimiza wajibu wa kurekodi ukuu wa ndani pamoja na sura ya nje, na kwamba picha iliyopatikana hivyo ilikaribia kuwa sala. Mimi namwamini.

Kuhusu michirizi na nyufa nakubaliana nawe kwa sehemu. Hakuzipanga. Alichoamua ni kutokitupa kioo chenye dosari ikiwa uso umetoka kama alivyotaka. Mfanyabiashara angekivunja na kuanza upya, kwa kuwa mteja analipia usafi. Yeye alichapa, akasaini, akasajili na kuuza kupitia duka la Colnaghi, London, na mwaka 1865 jumba la makumbusho la South Kensington, ambalo sasa ni Victoria and Albert, likanunua kwake picha 80 na kuzionyesha. Mwaka 1868 likampa vyumba viwili avitumie kama studio.

#5 – Mchangiaji mwingine

Naomba kuuliza mambo mawili. Wanawake walioko kwenye picha zake ni akina nani, maana wengi wana majina ya watakatifu na ya hadithi? Na ni kweli kwamba alimpiga picha mtoto wa Mfalme Tewodros wa Ethiopia?

#6 – Mleta mada

Maswali yote mawili yanagusa sehemu ambayo mimi hunitatiza katika kazi yake, kwa hiyo nitajibu kwa urefu kidogo.

Wanaume maarufu aliwapiga kwa majina yao. Wanawake, mara nyingi, aliwavalisha joho na kuwapa nafasi ya mtu mwingine: Bikira Maria, mshairi wa kale wa Kigiriki Sappho, mashujaa wa mashairi. Na wengi wa wanawake hao walikuwa watumishi wa nyumba yake. Mary Hillier, aliyekuwa mtumishi wa Dimbola, ndiye Maria wa picha zake nyingi. Mary Ryan alikuwa mtoto wa ombaomba wa Kiayalandi ambaye Cameron alimchukua, akamlea na kumsomesha. Kijana Henry Cotton, aliyekuja kuwa ofisa mkubwa wa serikali ya India, alimpenda baada ya kuiona picha yake kwenye maonyesho, na walioana mwaka 1867. Wasichana hawa walibeba maji, walisuuza vioo na kuandaa karatasi, kisha waliitwa wakae kimya dakika kadhaa kama mama wa Yesu. Kazi tunayoiita ya Cameron ilikuwa pia kazi ya mikono yao, na ni haki majina yao yatajwe kila anapotajwa yeye. Kati ya wanawake wachache waliopigwa bila kuvalishwa uhusika ni mpwa wake Julia Jackson, aliyekuja kuwa mama wa mwandishi Virginia Woolf. Picha yake ya mwaka 1867, nusu ya uso ikiwa kwenye mwanga na nusu gizani, haina hadithi yoyote, na kwangu hiyo ni kubwa kuliko picha zake zote za kuigiza.

Kuhusu Ethiopia, ni kweli. Mfalme Tewodros II alijiua Maqdala tarehe 13 Aprili 1868 jeshi la Uingereza likiwa limeivunja ngome yake. Mwanawe Alemayehu, mwenye miaka saba, alichukuliwa, na mama yake alifariki wakiwa njiani. Mtoto huyo alipelekwa Kisiwa cha Wight chini ya uangalizi wa Kapteni Tristram Speedy, ofisa aliyezungumza Kiamhara, na akakutanishwa na Malkia Victoria katika kasri la Osborne. Mwezi Julai mwaka huo Cameron aliwapiga picha: mtoto peke yake, mtoto pamoja na Speedy aliyevaa mavazi ya Kihabeshi, na nyingine ambamo yumo Mhabeshi mwenzake aliyeitwa Casa. Picha hizi ziliuzwa wakati magazeti ya Uingereza yakiwa bado yanashangilia ushindi ule.

Zitazameni kwa makini. Mwanamke aliyeweza kumfikia Herschel hadi kwenye uchovu wa macho yake, hapa anarudi nyuma, anapanga ngao na silaha, anamvalisha mzungu nguo za walioshindwa na kumfanya shujaa wa tamthilia. Lakini katika ile ambayo mtoto yuko peke yake, mpangilio wote unashindwa kuficha kitu. Haangalii kamera. Amekuwa yatima kwa miezi michache tu, na sura yake inasema hivyo hata kwa asiyejua historia. Alemayehu alifariki Leeds tarehe 14 Novemba 1879 akiwa na miaka 18, akazikwa Windsor, na maombi ya Ethiopia ya kurudishiwa mabaki yake yamekataliwa, la karibuni likiwa la mwaka 2023. Sioni sababu ya kumsamehe Cameron kwa upande huu eti kwa kuwa alikuwa mtu wa wakati wake. Herschel naye alikuwa mtu wa wakati wake, na alipigwa picha kama mtu.

#7 – Mleta mada (mwendelezo)

Nimalizie na miaka yake ya mwisho.

Pamoja na hakimiliki, Colnaghi na makumbusho, kazi hii haikumlipa. Kemikali, vioo na karatasi za ukubwa ule zilikuwa ghali, naye alizigawa picha zake kwa moyo mkunjufu mno. Mapato ya familia yalitegemea Ceylon, na huko mambo yaliharibika. Mwaka 1869 ugonjwa ambao wakulima wetu wa Kilimanjaro na Kagera wanaufahamu vizuri kwa jina la kutu ya majani uligundulika kwenye kahawa ya kisiwa hicho, na katika miaka iliyofuata ukaangamiza mashamba hadi wakoloni wakahamia kwenye chai.

Kazi kubwa ya mwisho aliyoifanya Uingereza ilitokana na ombi la Tennyson, aliyetaka picha za kuambatana na mashairi yake ya Mfalme Arthur. Aliandika kwamba alipiga picha 245 ili apate 12 zilizofaa. Mfalme Arthur mwenyewe alikuwa mchukuzi wa mizigo katika gati la Yarmouth, William Warder. Mchapishaji alipozipunguza picha hizo kuwa michoro midogo, Cameron alitoa toleo lake mwenyewe la picha za ukubwa kamili. Naheshimu juhudi hiyo, ingawa picha nyingi za toleo hilo naziona nzito na za kujilazimisha. Mapazia na mashua za bandia zimemeza nyuso.

Mwezi Oktoba 1875 yeye na mumewe walihamia Ceylon waliko wana wao, wakisafiri na ng'ombe na majeneza mawili yaliyojazwa vyombo vya kaure na glasi. Walikaa Kalutara, pwani. Huko maji safi na kemikali vilikuwa shida, na picha zilizosalia kutoka kipindi hicho hazifiki thelathini. Nyingi ni za wafanyakazi na wanakijiji, zikiwa bila majina yao. Alifariki tarehe 26 Januari 1879 katika shamba la mmoja wa wanawe bondeni Dikoya, akazikwa Bogawantalawa. Mumewe alimfuata mwaka 1880.

Kumbukumbu yake ilififia kwa miongo kadhaa. Mpiga picha Alfred Stieglitz alizichapisha picha zake kadhaa katika jarida lake huko New York mwaka 1913, na mwaka 1926 Virginia Woolf pamoja na mkosoaji wa sanaa Roger Fry wakatoa kitabu cha picha zake. Albamu ya picha 94 ambayo Cameron alimtunuku Herschel ilipotaka kuuzwa nje ya Uingereza katika miaka ya 1970, fedha zilichangishwa hadi ikanunuliwa na National Portrait Gallery mwaka 1975.

Kwa wanaotaka kuziona, tovuti ya Victoria and Albert ina mamia ya picha zake ambazo unaweza kuzikuza hadi kuona kingo za kioo. Nashauri msianze na zile za kuigiza. Anzeni na Herschel wa 1867, kisha Julia Jackson, kisha Alemayehu akiwa peke yake, halafu mrudi hapa tuendelee kujadiliana, hasa nyinyi ambao mmewahi kusafisha picha kwa mikono katika chumba cha giza.